Niliyoyaona Usambara: Lushoto, Vuga na Mazinde

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ndani ya kilomita hizo mtu anahama nchi. Mombo kuna joto la tambarare, mkonge uliopangwa kwa mistari, na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi ya Arusha na Dar es Salaam. Basi dogo likiiacha barabara kuu na kuanza kupanda, abiria mmoja mmoja huanza kufunga madirisha. Upande huu ukuta wa mwamba, upande ule korongo, na wenyeji hawashughuliki kutazama popote. Wanazungumza habari za bei ya viazi. Ukifika Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, masweta yamekwisha kutolewa mikobani. Lushoto penyewe ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ukungu hukaa bondeni mpaka jua lipande sana.

Wengi wetu tunaijua Lushoto kwa baridi yake, kwa matunda yake na kwa majengo ya Kijerumani. Mahakimu wanaijua kwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako wengi wao wamepita. Mimi nilipanda nikiwa na kitabu: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Mwandishi huyo aliishi miaka mingi miongoni mwa watawala wa Usambara, akamtumikia mmoja wao, kisha akakaa chini akaandika kwa Kiswahili yote aliyosikia na aliyoyaona. Kitabu chake kilichapwa kwanza kwa sehemu na misheni ya Magila, kule Bonde, kisha kikatolewa kikiwa kizima mwaka 1962. Kwa maoni yangu ni moja ya kazi kubwa za nathari ya Kiswahili, na ajabu ni kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili hawajawahi kukishika mkononi. Nilitaka kukisoma palepale kilipotokea.

Mji wa Lushoto hauna ukubwa wa kumchosha mtu. Barabara moja inapita katikati, soko liko upande wa chini, ofisi za serikali na nyumba za zamani zimepanda mteremko chini ya mikaratusi na misonobari. Misikiti na makanisa vinapakana, na katika ukoo mmoja wa Kisambaa utakuta Waislamu, Walutheri na Wakatoliki wanaozikana na kuozana. Asubuhi wazee husalimiana "Onga maundo", vijana hujibu, halafu mazungumzo yanaingia kwenye Kiswahili bila mtu kushtuka.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao ambaye hakuwahi kulikanyaga. Magavana walipanda huku kukimbia joto la Dar es Salaam, na walowezi walikuja kutafuta ardhi inayofanana na ya kwao. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo milima yote ikawa karibu na bandari. Kule Shume, juu ya msitu, kampuni ya mbao ilifunga waya mnene uliotelemsha magogo ya mwangati hewani mpaka stesheni ya Mkumbara. Wageni huoneshwa mabaki ya kazi hizi na kusifu ufundi wake. Ufundi ulikuwepo, sikatai. Lakini mwaka 1907 katika wilaya hiihii ya Wilhelmstal ulianzishwa utaratibu wa kadi: kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Mtu alikuwa na shamba lake, migomba yake na watoto wake, na bado ilimlazimu kuonesha kadi iliyojaa alama za kazi ya mwingine. Kila jengo la kuta nene lililobaki Lushoto tangu siku zile, mimi nalitazama nikiwa na kadi hiyo akilini.

Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji na jina la Kaisari likaondoka. Mji wenyewe, basi, una umri wa vizazi vichache tu. Historia ya milima hii ni ndefu zaidi na makao yake yako kwingine, lakini kabla ya kwenda huko ni lazima niseme habari za soko.

Siku ya gulio watu huanza kuteremka vijijini kabla ya alfajiri. Wanawake wamefunga kanga mbili au tatu na wamebeba matenga kichwani, hatua fupi fupi, shingo imenyooka. Kabichi, karoti, pilipili hoho, letusi, viazi, peasi, plamu msimu wake ukifika: karibu kila kinachooteshwa kwenye nchi za baridi kinakubali hapa. Nyuma ya soko, kwenye mfereji, vijana wawili walikuwa wanaosha karoti. Walizitia kwenye gunia la nailoni nusu, wakalishika huku na huku, wakalisukasuka ndani ya maji mpaka tope jekundu likatoka na karoti zikabaki zinang'aa. Kisha wakazimimina juu ya majani ya mgomba, wakachagua zilizovunjika, wakajaza gunia jingine mpaka mdomoni, na juu ya mdomo wakashona kilemba cha majani na kamba ili zipandishwe nyingine. Hiyo ndiyo lumbesa. Mnunuzi analipa gunia moja na anaondoka na gunia na zaidi.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri gari aliniona nimesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta karoti au unatafuta picha?"

Nikamwambia natafuta kujua tu. Akaniambia bei ya siku ile haijulikani, kwa sababu dalali bado anaongea kwenye simu na watu wa Dar es Salaam. Akisema soko limejaa, wao watauza kwa bei atakayoitaja, maana karoti iliyokwisha oshwa hairudi shambani. Aliyasema haya bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nilipomuuliza shamba lake liko wapi alinyoosha mkono kuelekea mteremko ambao mimi nisingethubutu kuupanda bila kushika miti. Fuso zinazoondoka Lushoto jioni ndizo zinazojaza masoko ya Tanga na Dar es Salaam alfajiri, na mlaji wa mjini anayenunua fungu la karoti hajui kwamba zililimwa mahali ambapo mkulima husimama mguu mmoja juu na mwingine chini.

Vuga nilikwenda kwa bodaboda kutokea Soni. Njia inapita kati ya migomba, mashamba ya mahindi na migrevilea iliyopandwa kuzuia udongo. Mgeni asiyeambiwa anaweza kupita Vuga asijue alipo. Ni kijiji cha mlimani kama vijiji vingine. Lakini kwa muda wa zaidi ya karne moja hapa palikuwa makao makuu ya dola iliyotawala milima yote ya Usambara, na wakati wa nguvu zake ikafika mpaka pwani.

Masimulizi ya mwanzo wake Abdallah bin Hemedi ameyaandika vizuri kuliko mtu yeyote. Mbegha alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo alikuwa kigego, mwenye kuleta msiba. Aliachwa hai, lakini ndugu zake walimnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe, na mbwa wake na mikuki yake ndiyo ikawa mali yake. Alikaa Kilindi mpaka mtoto wa mkuu wa huko alipouawa na mnyama katika mawindo yao, naye akakimbia tena, akapanda Usambara. Wasambaa walikuwa na ndizi na unga. Yeye alikuwa na nyama. Wakabadilishana. Akawaondolea nguruwe waliokuwa wanaharibu mashamba, akaamua ugomvi wao kwa haki, na usiku mmoja akaua simba. Watu wakamwita Simba, wakampa mke, wakampa nchi. Wafalme wote waliomfuata waliamkiwa kwa jina la Simba Mwene, na ukoo wao ni Wakilindi.

Nimesoma masimulizi mengi ya kuanzishwa kwa falme, na karibu yote yana mshindi anayekuja na jeshi. Hili lina mtu aliyefukuzwa mara mbili, anayekuja na nyama begani. Wasambaa wanapolisimulia wanasisitiza kwamba ni wao waliompa nchi. Mtu aliyepewa anaweza kuulizwa ametumiaje alichopewa, na hilo ndilo linalotembea katika historia yote ya milima hii: mtawala ana deni. Kazi yake ni kuiponya nchi, mvua inyeshe kwa wakati na chakula kipatikane. Ikija njaa, watu hawakusema ni bahati mbaya. Waliuliza mfalme amefanya nini, au nani anashindana naye.

Mzee niliyemkuta Vuga, mwenye kofia ya kiua na koti zito, alinipa kigoda kabla sijasema nilichojia. Nilipomtajia kitabu akacheka kwa furaha. Baba yake, alisema, alikuwa anasimulia habari za Mbegha usiku, na mtoto aliyesinzia aliambiwa simba anasogea. Akanionesha kwa mkono upande yaliko makaburi ya wafalme, kwenye miti mikubwa isiyokatwa, akaniambia huko haendi mtu kwa kupita tu. Huenda mwenye ruhusa na mwenye sababu. Sikuomba ruhusa. Kuviona vile vilele vya miti kulinitosha.

Mfalme aliyejulikana zaidi ni Kimweri ye Nyumbai, aliyekufa mwaka 1862. Kwake ndiko alikokwenda Johann Ludwig Krapf mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, mmisionari yuleyule aliyetuachia kamusi ya Kiswahili. Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857 na kumkuta Kimweri amekwisha kuwa mzee sana. Utawala wake ulifika pwani mpaka akalazimika kupatana na Seyyid Said wa Unguja juu ya nani aweke wakuu katika miji ya huko.

Vuga haikumalizika kwa wafalme. Walutheri waliweka misheni hapa mwaka 1895, na baadaye kiwanda chao cha uchapaji kikatoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa mbali na milima hii. Mmoja wa wamisionari wa Usambara, Karl Roehl, alitunga sarufi ya Kisambaa mwaka 1911, halafu akaongoza tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937, akijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu. Jaribio hilo limebishaniwa sana na mimi siko upande wake. Kiswahili hakihitaji kusafishwa. Lakini ni jambo la kukumbukwa kwamba ubishi mkubwa kama huo juu ya lugha yetu ulikuwa na mizizi yake katika milima hii ya migomba na ukungu.

Kutoka Lushoto mjini watu hutembea kwa miguu mpaka Irente, na kila mgeni hupelekwa huko. Njiani kuna watoto wanaouza plamu na matunda ya porini, kuna shule ya wasioona, kuna shamba linalotengeneza jibini na jemu. Kisha ghafla mlima unakwisha. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, mbali sana, kuna tambarare mpaka macho yachoke: mashamba ya mkonge, barabara kuu kama uzi, reli, na ng'ambo yake nchi ya Wamaasai. Wageni hupiga picha za machweo. Mimi nilikuwa natafuta kijiji kilichoko chini kabisa, kwenye mguu wa mlima: Mazinde.

Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mtoto wa Kimweri, na ukisimama Irente unaelewa kwa macho jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Dola ya Vuga ilikuwa na nguvu kwa sababu ya mlima: mvua, ndizi, kodi ya chakula na mifugo. Lakini katikati ya karne ya 19 mali mpya ilipita chini, kwenye njia ya misafara ya kutoka Pangani. Ilikuwa pembe za ndovu zikishuka na bunduki zikipanda. Semboja alikaa pale njia inapopita. Kimweri alipokufa, ufalme ulikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, na Semboja hakukubali. Alikuwa na bunduki; wa Vuga walikuwa na heshima ya kale. Alishinda, akamweka mtoto wake Kimweri Maguvu kwenye kiti cha Vuga, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde na biashara yake. Wabondei waliasi, Wakilindi wakapigana wao kwa wao, na kila mateka wa vita hivyo alikuwa na bei pwani. Watu waliokuwa watoto wa nchi waliuzwa na wale waliopewa nchi waiponye.

Abdallah bin Hemedi alikuwa upande wa Semboja, na kitabu chake kinaonesha hivyo. Msomaji anatakiwa kukumbuka nani alikuwa anamlisha mwandishi. Hata hivyo hakuficha kwamba nchi iliharibika.

Wajerumani walipofika walikuta nyumba iliyokwisha gawanyika. Mwaka 1895 Semboja alikufa, na mwaka huohuo walimnyonga mtoto wake Mputa, aliyekuwa Simba Mwene wa Vuga. Kiti wakampa Kinyashi, wa tawi lililopingana na Semboja. Kuanzia hapo watu wa milimani walijua kwamba mfalme anaweza kunyongwa na mgeni, na mvua haikuwa na mwenyewe tena.

Ule ubishi wa nani anaiponya nchi na nani anaiharibu haukufa, ila ulibadilisha nguo. Nilikwenda Mlalo, kaskazini zaidi, bonde lenye nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao na kanisa la zamani la misheni iliyofunguliwa mwaka 1891. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha hapa mpango wa kuhifadhi udongo, uliokuja kuenea Usambara nzima. Udongo ulikuwa unateremka mitoni kweli, hilo si uongo. Dawa yao ilikuwa amri: kila mtu achimbe matuta kwenye mteremko wake, na asiyechimba apelekwe barazani atozwe faini. Kazi hiyo ilianguka juu ya wanawake, ambao ndio waliolima chakula, na ikala siku zao bila kuongeza mahindi ghalani. Watu wengi waliamini kwamba aliyetengeneza matuta shambani atakuja kuambiwa shamba ni la serikali. Wakaandamana kwa machifu, wakapeleka malalamiko, wakakataa majembe. Machifu walibanwa katikati, maana sasa wao ndio waliotumwa kusimamia kitu ambacho raia wao waliona kinaiharibu nchi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa, na TANU ilikuwa imekwisha pata wanachama wengi milimani. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukafutwa kisheria nchini kote.

Cha kuvutia ni kwamba leo ukitazama miteremko ya Lushoto utaona makinga maji, majani ya kulishia ng'ombe yaliyopandwa kwa mistari, miti katikati ya mahindi. Mengi yaliletwa na miradi iliyoanza miaka ya 1980, na wakulima wakayachukua kwa sababu yaliwapa majani, kuni na maziwa. Hakuna aliyepelekwa barazani. Bado kuna miteremko mitupu, bado mvua kubwa huangusha vipande vya mlima, na msitu wa Magamba, wenye mbega na vinyonga wa pembe, unahitaji kulindwa kila siku. Hata lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya hulifuga madirishani, lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, asili yake ni misitu ya pande hizi za Tanga, na huku kwao ndiko linakokosa mahali pa kuota.

Jioni moja, katika harusi niliyokaribishwa kwa sababu tu nilikuwa mgeni, nilisikia mdumange. Spika zilikuwepo na miziki ya redio ilikwisha pigwa, lakini makande yalipokwisha kuliwa ngoma zilitolewa, vijana wa kike na wa kiume wakajipanga, mabega yakaanza kwenda. Bibi mmoja aliingia katikati akawatoa wote wasiojua hatua. Walicheka, wakatii, wakasimama pembeni kujifunza. Watoto wadogo walirudia hatua zake nyuma ya migomba, na hakuna aliyewaambia waende kulala.

Nina ombi kwako msomaji unayefikiria kupanda Lushoto. Nenda Irente, piga picha zako, kula plamu. Lakini tenga siku moja ya Vuga, nenda na salamu na adabu, na ukiwa juu ya mwamba uliza Mazinde iko wapi. Na kabla hujapanda, tafuta Habari za Wakilindi, hata kama ni kwenye maktaba, hata kama ni nakala kuukuu. Wenye viwanda vya uchapaji na walimu wa Mkoa wa Tanga, ninyi nawaomba zaidi: kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha yetu na juu ya watu wetu, na hakistahili kutafutwa kama dawa ya porini. Kiwekeni mikononi mwa wanafunzi wa Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza.